Mita ya juu au mita ya chini: rola kosta ya mnara mrefu na ile inayozama handakini

Tarehe 28 Februari 2025, huko Jackson katika jimbo la New Jersey, Marekani, mnara wa chuma wa mita 139 ulilipuliwa kwa baruti ukalala chini ndani ya sekunde chache. Ulikuwa mnara wa Kingda Ka, rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kuporomoka juu ya reli) iliyofunguliwa 2005 na kurusha watu kwa kilomita 206 kwa saa. Hadi inafungwa mwaka 2024, hakuna nyingine duniani iliyokuwa imeipita kwa kimo. Upande wa pili wa bahari, kwenye bustani ya michezo ya Alton Towers nchini Uingereza, ipo Oblivion ya mwaka 1998. Kimo chake juu ya ardhi ni kama mita 20 tu, miti ya kawaida inatosha kuificha. Lakini mporomoko wake ni mita 55 hivi, kwa sababu treni ikifika chini haisimami hapo: inazama ndani ya shimo jeusi linalofuka ukungu, kisha inaibukia upande wa pili.

Nimeanza na hizo mbili kwa sababu kila anayekaa kuchora rola kosta, awe mwenye bustani, mwanafunzi wa uhandisi au mtu anayejenga ya kwake ndani ya kompyuta, hufika mahali pamoja akakwama. Fedha zimebaki kidogo. Aongeze mnara mita 10, au achimbe mita 10? Kwenye karatasi ni kitu kimoja, maana mporomoko unaongezeka mita 10 kwa njia zote mbili. Uwanjani ni kazi mbili zisizojuana, zinafanywa na mafundi tofauti, na kila moja ina namna yake ya kumtia mtu hasara.

Msimamo wangu nautoa mapema. Ukitaka pigo moja kali ambalo mtu atalisimulia jioni nzima, nenda chini. Ukitaka safari ndefu yenye vilima kadhaa, nenda juu. Anayetaka vyote viwili kwa kimo cha mita 90 na zaidi atalipa mara mbili na kupata pambo.

Mita za chini ni mkopo

Treni ikishaachiwa kileleni haina injini tena. Kasi yake inategemea imeshuka mita ngapi, basi, na kwa hilo haijali kama mita hizo ziko hewani au ardhini. Hesabu ya darasani, ukiacha msuguano na upepo, inasema hivi: mporomoko wa mita 20 unatoa kilomita 71 kwa saa, wa mita 30 unatoa 87. Mita 10 zimekuletea kilomita 16. Sasa ruka hadi juu: mita 90 zinatoa 151, mita 100 zinatoa 159. Mita 10 zilezile, na safari hii umepata 8 tu. Millennium Force ya Cedar Point, Ohio, iliyofunguliwa 2000, inaporomoka mita 91 na kufikia kilomita 150 kwa saa, kwa hiyo hesabu hiyo haiko mbali na chuma chenyewe. Mwenye kutaka kasi mara mbili lazima apate mporomoko mara nne.

Hapo mtu husema: basi nitachimba, mita za chini ni rahisi. Ngoja kidogo. Treni iliyoingia shimoni lazima itoke. Kila mita uliyoshuka chini ya usawa wa ardhi utaipanda tena, na unaipanda kwa kasi ileile uliyoipata kwa kushuka. Oblivion chini kabisa inafikia kama kilomita 110 kwa saa, lakini inapoibuka usawa wa ardhi imebaki na nguvu ya mnara wa mita 20, si ya mporomoko wa mita 55. Mkopo umelipwa mlangoni. Ndiyo maana reli yake yote ina mita 372 hivi: kushuka, kuibuka, kugeuka, breki. Fury 325 ya Carowinds, Marekani, iliyopanda mita 99 bila kuchimba shimo la mkopo, ina reli ya kilomita 2 na ushei, na treni inaimaliza kwa nguvu ya kupandishwa mara moja tu.

Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwanza kila mnara na handaki vinapolinganishwa. Linapanga mengine yote. Mita ya juu ni mtaji unaotumika hadi mwisho wa reli. Mita ya chini inang'aa sekunde mbili na kurudi kwa mwenyewe. Lakini sekunde mbili hizo, nakiri, zinaweza kuwa na thamani kuliko dakika nzima ya vilima.

Shimo la mita 10 lina urefu gani?

Treni haiwezi kupinda ghafla ikiwa chini. Inapoacha mteremko na kuanza kuinuka, abiria anakandamizwa kitini, na kadiri tao linavyobana ndivyo anavyokandamizwa zaidi. Tuseme unakubali ahisi uzito wake mara nne pale chini kabisa, kiasi ambacho rola kosta kali hukifikia kwa muda mfupi. Ukipiga hesabu, nusu kipenyo cha tao kinatoka kama theluthi mbili za mporomoko. Mporomoko wa mita 30 unataka tao la nusu kipenyo cha mita 20. Mporomoko wa mita 90 unataka mita 60.

Chukua bikari, chora duara la nusu kipenyo cha mita 60, kisha kata kipande cha chini chenye kina cha mita 10. Kipande hicho kina upana wa mita 66. Hilo ndilo shimo lako, na bado hujaweka unene wa zege, njia ya mafundi wala ngazi ya dharura. Rudia kwa duara la mita 20: kina kilekile cha mita 10 kinataka mita 35 tu. Kwa hiyo mwenye mnara mrefu anachimba karibu mara mbili ya mwenzake na kuambulia nusu ya nyongeza ya kasi.

Wajenzi wanalijua hili, ukitazama walichofanya. Titan ya Six Flags Over Texas, ya mwaka 2001, ina kimo cha mita 75 na mporomoko wa mita 78. Tofauti ni mita 3. Handaki lake lina urefu wa mita 37 hivi, na ukikata kipande cha kina cha mita 3 kwenye duara lenye nusu kipenyo cha theluthi mbili za 78 unapata 35. Nilipoiona hesabu hiyo ikikaa namna ile nilicheka peke yangu.

Tazama zilivyopangana:

| Rola kosta | Mahali | Mwaka | Kimo juu ya ardhi (m) | Mporomoko (m) |
|---|---|---|---|---|
| Oblivion | Alton Towers, Uingereza | 1998 | 20 | 55 |
| Baron 1898 | Efteling, Uholanzi | 2015 | 30 | 37.5 |
| Valkyria | Liseberg, Uswidi | 2018 | 47 | 50 |
| Yukon Striker | Canada's Wonderland, Kanada | 2019 | 68 | 75 |
| Goliath | Six Flags Magic Mountain, California | 2000 | 72 | 78 |
| Hyperion | Energylandia, Poland | 2018 | 77 | 80 |
| Millennium Force | Cedar Point, Ohio | 2000 | 94 | 91 |
| Fury 325 | Carowinds, Marekani | 2015 | 99 | 98 |

Oblivion peke yake ndiyo iliyochimba kwa ukali, na ilikuwa na sababu: Alton Towers hairuhusiwi kujenga kupita vilele vya miti. Aliyebanwa juu hana pa kwenda ila chini. Zile za kati zinachimba mita 3 hadi 7 na ushei. Kuanzia mita 90 shimo limetoweka. Millennium Force ina mahandaki, ndiyo, lakini yamejengwa juu ya ardhi: kibanda kirefu chenye giza kinachoifunika reli. Ni ujanja halali na wa bei nafuu. Unapata giza na mwangwi, unakosa tu lile jicho la kuona ardhi ikikumeza.

Maji

Swali la kwanza la handaki halihusu reli. Linahusu maji, na ndilo ningelikesha nalo.

Chimba popote, mwisho utakutana na maji ya ardhini. Kinachobadilika ni kina, na kinabadilika pia kwa msimu. Shimo la kuchoronga lililopimwa wakati wa ukavu linaweza kuonyesha maji yako mita 12 chini, nawe ukafurahi, kumbe baada ya miezi ya mvua yanapanda hadi mita 4. Ndiyo maana wapimaji makini huacha bomba lenye matundu ndani ya shimo hilo na kulirudia kwa kamba ya kupimia mwezi baada ya mwezi. Ukiletewa ripoti ya udongo yenye kipimo kimoja cha maji cha siku moja, irudishe.

Kwa nini wasiwasi wote huo? Kwa sababu handaki la zege lililokaa chini ya usawa wa maji ni mashua. Chukua boksi la urefu wa mita 60, upana wa mita 5 na kimo cha mita 8. Limechukua nafasi ya mita za ujazo 2,400 za maji, na maji yanalisukuma juu kwa nguvu ya tani 2,400. Zege ina uzito wa kama tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Maana yake unahitaji mita za ujazo 1,000 za zege ili tu boksi lisielee, na akiba ya usalama bado. Wengine huongeza unene wa sakafu, wengine huitanua sakafu nje ya kuta ili udongo uikalie, wengine huchoronga nanga za chuma hadi kwenye mwamba na kulifunga. Hakuna njia ya bure. Na usidhani likiinuka sentimita 2 upande mmoja hakuna atakayejua: reli inayopita humo imepangwa kwa milimita, na mahali hapo ndipo treni inapopita kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Halafu kuna maji ya juu. Handaki la rola kosta lina midomo miwili isiyofungwa mlango. Kila tone la mvua linalodondokea kwenye mtaro wa kuingilia linakimbilia katikati, kwenye sehemu ya chini kabisa ya tao. Kwa hiyo pale chini unaweka kisima kidogo cha kukusanyia, pampu mbili ili moja ikifa nyingine iamke, swichi ya boya, na jenereta. Pampu zikilala usiku wa mvua, asubuhi una bwawa lenye reli ndani yake, na magurudumu ya treni hayakutengenezwa kuogelea. Midomo yenyewe inafaa iinuliwe kidogo kuliko ardhi inayoizunguka, ukuta mdogo tu wa zege, ili maji ya uwanja mzima yasiichukue kama mfereji. Jambo dogo hilo kwenye mchoro ni mstari mmoja.

Sisemi haiwezekani penye maji. SheiKra ya Tampa, Florida, iliyofunguliwa 2005, ina handaki chini ya ardhi katika jimbo ambalo maji yake hayako mbali na nyasi. Yukon Striker inapitisha treni chini ya ziwa la bustani. Inawezekana, ila hapo umenunua mradi wa kuzuia maji wenye rola kosta ndani yake.

Aina ya udongo nayo ina neno. Mwamba mgumu ni taabu kuchimba lakini ukishachimbika unasimama wenyewe. Mchanga unachimbika kwa siku chache, kisha unatumia miezi kuuzuia usikurudie: mabamba ya chuma yanapigiliwa pande zote kabla ya kijiko cha kwanza cha tingatinga.

Upepo, chuma na taa nyekundu

Mnara una madeni yake pia, ila ni madeni yanayohesabika mapema, na kwa mwenye kusimamia bajeti hilo ni faraja kubwa.

Upepo unavuma kwa nguvu zaidi kadiri unavyopanda, na msukumo wake unakua kwa mraba wa kasi. Ongeza na wenzo: nguzo ikiwa na kimo mara mbili, hata upepo ungekuwa uleule, nguvu ya kuipindua pale chini inakuwa mara nne. Ndiyo maana nguzo za rola kosta refu zimekaa miguu panu kama mtu anayejiandaa kusukumwa, na msingi wa kila mguu ni bonge la zege ambalo mgeni halioni. Penye matetemeko ya ardhi bili inapanda tena. Steel Dragon 2000 ya Nagashima, Japani, yenye kimo cha mita 97 na reli ya mita 2,479, ilihitaji chuma kingi cha ziada kwa ajili hiyo, ikagharimu zaidi ya dola milioni 50 za Marekani.

Siku za upepo mkali unafunga. Handaki halijawahi kufungwa kwa upepo, ingawa mnara wake mdogo unaweza. Na ukivuka mita 61 nchini Marekani unatakiwa kuwajulisha wasimamizi wa usafiri wa anga, ambao wanaweza kukutaka uweke taa kileleni. Nchi nyingine zina vipimo vyao, kwa hiyo ulizia kabla ya kuagiza chuma.

Jambo moja linanifanya niwe mpole kwa minara. Juni 2023, nguzo moja ya Fury 325 ilionekana ina ufa mkubwa, na aliyeuona alikuwa mgeni wa kawaida aliyesimama chini akitazama juu. Ikafungwa, nguzo ikabadilishwa, ikafunguliwa tena Agosti mwaka huohuo. Ukaguzi wa kila asubuhi ndio unaotegemewa, si macho ya wageni. Hata hivyo mnara uko hadharani, unatazamwa na maelfu kila siku. Ndani ya handaki hakuna mgeni anayepita akanyanyua kichwa. Unyevunyevu unafanya kazi yake polepole kwenye bolti na maungio, gizani, na asipoingia fundi mwenye tochi hakuna atakayeingia. Mwenye handaki apange muda wa ukaguzi mrefu kuliko anaodhani, na rangi ya kuzuia kutu iliyo bora kuliko ya nje.

Kupandisha treni nitapita haraka. Mnyororo unatosha kwa wengi. Ukirefuka sana unakuwa mzito mno kujibeba, na ndiyo maana Steel Dragon 2000 ina minyororo miwili inayopokezana, huku Millennium Force ikivutwa kwa kamba ya chuma. Kurusha kwa sumaku au kwa mashine ya mafuta yenye shinikizo ni habari ya umeme: treni ya tani 15 kuipandisha mita 90 inakula chini ya uniti 4, kitu kidogo. Ukiipandisha kwa dakika moja unahitaji mtambo wa kilowati 220. Ukitaka nishati ileile kwa sekunde 4, ni kilowati 3,300. Kingda Ka ilirushwa. Oblivion inavutwa kwa mnyororo.

Anachokiona aliyekaa mstari wa mbele

Kwenye mnara mrefu, hofu inakuja taratibu na kukaa. Mnyororo unagonga, bustani inageuka ramani, upepo unaanza kuingia masikioni. Una dakika nzima ya kujuta. Kisha unashuka, na kwa kuwa mteremko wa mita 90 unachukua sekunde kadhaa, kufikia katikati akili imeshapokea kinachotokea. Watu wengi huanza kucheka kabla ya kufika chini. Baada ya hapo vinakuja vilima, na juu ya kila kilima mwili unanyanyuka kitini ukabaki umeshikwa na kizuizi cha mapajani tu. Kuelea huko ndiko mashabiki wanakokufuata kutoka mbali, na handaki haliwezi kuwapa hilo.

Kwenye Oblivion mambo yamebanwa. Treni ina mistari miwili tu ya viti, mipana. Inafika ukingoni, inachungulia, inashikwa hapo sekunde chache huku umening'inia ukitazama moja kwa moja chini. Sauti inakuambia usitazame. Unatazama. Unachokiona ni mdomo wa shimo, na kutoka pale juu unaonekana mdogo kuliko treni uliyopanda. Huo si uongo wa macho tu, ni kazi ya mchoraji: kila sentimita ya mdomo imepunguzwa hadi mpaka wa usalama. Kisha inaachiwa. Mwanga unakatika kama umepigwa kofi, hewa inageuka baridi, na ngurumo ya magurudumu ambayo nje ilikuwa inatawanyika sasa inakurudia kutoka kuta zote nne. Kwa kilomita 110 kwa saa unapita kama mita 30 kila sekunde. Kabla macho hayajaanza kuzoea giza uko nje.

Mpaka wa usalama wenyewe ni habari ya kuvutia. Lazima ujue mkono wa mtu mrefu kuliko wote unafika wapi akiunyoosha juu na pembeni. Viwango vya kubuni, kama ASTM F2291 cha Marekani na EN 13814 cha Ulaya, vinakuwekea namna ya kuupima. Kabla ya kufungua, mafundi hufunga fremu yenye umbo la mpaka huo juu ya treni na kuipitisha polepole njia nzima. Ikigusa popote, kinabomolewa kilichoguswa. Kwa mnara, fremu inapita kwenye hewa tupu karibu safari yote. Kwa handaki inapita kama uzi kwenye tundu la sindano, na zege iliyomwagwa vibaya sentimita 5 ndani haina mjadala: tindo.

Wasiopanda nao uwakumbuke, maana ndio wengi. Mnara unajitangaza kutoka barabara kuu. Handaki linajitangaza kwenye ua: jenga kizuizi cha kuegemea karibu na mdomo, watu watasimama hapo saa nzima wakitazama wengine wakimezwa.

Siku treni inapokwama

Inatokea mara chache, ila ukichora bila kuifikiria unamwachia mtu mwingine usiku mbaya. Treni yenye magurudumu ya baridi, siku ya upepo wa mbele, inaweza kukosa nguvu ya kuvuka kilima kinachofuata. Inarudi nyuma, inakwenda mbele, inapembea, hadi inatulia bondeni. Kwenye mnara bonde hilo liko hewani, kreni inafika na kuinyanyua treni behewa kwa behewa. Kwenye handaki bonde ni sakafu ya shimo, na juu yake kuna paa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame: sehemu ya paa ijengwe kwa mabamba ya zege yanayoondolewa, au reli iwe na kipande kinachofunguka, la sivyo utalivunja handaki lako mwenyewe ili kuitoa treni. Ongeza njia ya kutembea pembeni, taa zenye betri, na ngazi.

Haki itendeke kwa upande wa pili: kuwateremsha watu 30 kwa ngazi nyembamba kutoka mita 90, mmoja wao akiwa ameganda kwa woga, si mchezo. Katika hili handaki lina nafuu kwa abiria, mnara una nafuu kwa treni.

Kama una kilima

Mwenye eneo lenye mteremko ana njia ya tatu, na mara nyingi ndiyo bora. The Beast ya Kings Island, Ohio, ya mbao, iliyofunguliwa 1979, inafuata makorongo ya eneo lake kwa zaidi ya kilomita 2, na mporomoko wake wa kwanza unaingia handakini. Jirani yake Orion, ya 2020, ina kimo cha mita 87 na mporomoko wa mita 91, kwa kuwa ardhi inashuka pamoja nayo. Falcon's Flight ya Qiddiya, Saudia, iliyofunguliwa 31 Desemba 2025, inatumia jabali zima: mporomoko wa zaidi ya mita 150 na kasi ya kilomita 250 kwa saa.

Kilima nacho ni mkopo, ila wa muda mrefu. Treni inakaa bondeni ikitumia kasi yake kabla ya kudaiwa, na ikidaiwa unaweza kuilipia: The Beast inapandishwa mara mbili, Falcon's Flight inasukumwa kwa sumaku zaidi ya mara moja njiani. Maji ya ardhini hayakuhusu sana, kwa kuwa mkondo unajitoa wenyewe kuelekea chini.

Ningechagua vipi

Ardhi tambarare, maji karibu, hakuna kikomo cha kimo: mnara, na kibanda cha giza juu ya ardhi ukitaka mwangwi. Cedar Point iko kwenye rasi ya mchanga ndani ya Ziwa Erie, na huko wamekuwa wakipanda tu.

Ardhi kavu, eneo dogo, majirani wanaolalamikia kelele au kibali kinachokubana juu: chimba, uweke reli fupi, na fedha zote ziende kwenye ule mdomo. Udongo na zege vinameza kelele za chini kabisa, ambako treni na mayowe vina nguvu zaidi.

Katikati, mporomoko wa mita 50 hadi 80: chimba kidogo tu, mita 3 hadi 7, kama Valkyria na Hyperion. Mkopo mdogo, unalipika bila kuua vilima vinavyofuata. Nikiambiwa nichague moja kwenye jedwali lile niijenge mwenyewe, ningeichukua Hyperion.

Na uhesabu pia miaka ya mbele. Alton Towers hiyohiyo, kwa sababu ya vilele vya miti vilevile, ililipua mwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kuzamisha rola kosta yake ya Nemesis, iliyofunguliwa 1994. Novemba 2022 reli yake ilikuwa imechoka, ikafungwa, ikang'olewa. Machi 2024 treni zilikuwa zinatembea tena juu ya reli mpya, ndani ya shimo lilelile.